Wapendanao na Wajipendao: Tarehe 14 Februari katika Mombasa Bara

Kila ifikapo tarehe 14 Februari, rangi nyekundu hutanda katika mitaa ya Mombasa bara. Kivukoni Likoni wachuuzi husimama na ndoo za mawaridi, machache ya kweli na mengi ya plastiki. Matatu ziendazo Bamburi hujaa vijana waelekeao ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule ambao wenyeji huuita Pirates. Katika maduka ya Magongo na Chaani, upande wa Changamwe, kadi na chokoleti hutolewa hadi barazani. Kisiwani nako mambo ni hayo hayo, lakini kisiwa kimekwisha kuandikwa na kuimbwa vya kutosha. Anayetaka kujua sikukuu hii inamtendea nini mtu wa kipato cha kawaida, afadhali awatazame hawa wa ng'ambo, ambao kila siku huvuka maji au daraja kwenda kutafuta riziki, na jioni hurejea wakiwa hoi.

Kuna kinaya kimoja kisichostahili kupitwa kimya. Wakazi wengi wa Kisauni na Likoni hufanya kazi katika mahoteli ya Bamburi, Shanzu na Diani, na siku hiyo kwao ni siku ya kuwahudumia wapendanao wengine: kutandika vitanda, kutawanya maua juu ya shuka, kukunja taulo mfano wa bata maji wawili waliogusana midomo. Maua yenyewe hukuzwa Naivasha na sehemu nyingine za nyanda za juu. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazouza maua mengi kabisa ya kukatwa katika masoko ya Ulaya, na ingawa mengi husafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi, miaka ya karibuni sehemu yake huteremshwa hadi bandari ya Mombasa na kupakiwa melini. Makasha ya baridi yenye mapenzi ya watu wa mbali hupita mbele ya macho ya wakazi wa Changamwe, ambao wengi wao hawajawahi kupewa hata ua moja.

Hata hivyo, makala haya hayakusudii kuilaumu biashara ya maua, kwani inawalisha wengi. Swali linalostahili kuulizwa ni jingine. Je, mtu aliye peke yake, au mwenye mwenzi asiye na fedha, au mwenye mwenzi anayemwogopa, aipitisheje siku hii? Mara nyingi watu hao watatu husahauliwa katika mjadala ambao hurudiwa kila mwaka kwa maneno yale yale.

Mjadala huo una pande mbili. Upande mmoja husema kwamba sikukuu hii ni ya kigeni, haina asili katika Uislamu wala katika mila za Pwani, na kwamba huwaingiza vijana katika uasherati. Upande wa pili husema kwamba mapenzi hayana mipaka na kwamba asiyeionyesha mahaba yake siku hiyo hana mahaba. Kuhusu ugeni, hakuna la kubishaniwa. Sikukuu inabeba jina la Mtakatifu Valentino, na miongoni mwa waandishi wa kwanza kuihusisha na mapenzi ni mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, aliyeinasibisha na ndege wanaochagua wenzi wao. Nchini Kenya ilienea zaidi baada ya redio za FM za watu binafsi kuanza kusikika, Capital FM ikitangulia mwaka 1996, kisha simu za mkononi zikaikamilisha kazi hiyo. Lakini ugeni peke yake haujapata kuwa hoja kamili katika Mombasa, mji ambao chakula chake, mavazi yake na sehemu kubwa ya msamiati wake vimepitia baharini. La maana ni kile kinachofanyiwa kitu baada ya kupokewa.

Tena hata makanisa, yanayodhaniwa kuwa chimbuko la sikukuu hiyo, hayako upande mmoja nayo. Mwaka 2018, na tena mwaka 2024, tarehe 14 Februari iliangukia Jumatano ya Majivu. Waumini Wakatoliki wa Changamwe na Mikindani walipaswa kufunga na kupakwa jivu kwenye paji la uso siku ile ile ambayo redio ziliwataka wale na kunywa kwa anasa.

Sasa na tulitazame jina lenyewe, maana wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha. Kiingereza kimeipa sikukuu hii jina la mtu. Kiswahili kimeipa jina la tendo: Siku ya Wapendanao. Kiambishi -an- kinadai watu wawili, na kinadai zaidi ya hapo kwamba tendo liende na lirudi. Anayempenda asiyempenda si miongoni mwa wapendanao. Anayempiga anayedai kumpenda si miongoni mwao pia, hata kama wamevaa mashati ya rangi moja. Kwa hiyo jina la Kiswahili ni kali kuliko lile la Kiingereza: linawafungia nje watu wengi, na wakati huo huo linaweka sharti la haki ambalo waridi haliwezi kulitimiza.

Kwa wale waliofungiwa nje, lugha ina kiambishi kingine, yaani ji- ya kujitendea. Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Vitenzi vingi vyenye ji- vinabeba lawama: kujiona, kujisikia, kujigamba, kujitapa, kujivuna, kujidai. Jamii iliyoviunda ilikuwa na shaka na mtu anayejigeukia mwenyewe. Haishangazi basi kwamba mwanafunzi anapohimizwa 'ajipende', mzee wa Mtongwe husikia kwamba anahimizwa awe mbinafsi. Shaka hiyo si ya ujinga. Imetokana na maisha ya watu walioishi kwa kushirikiana, ambapo anayejitazama peke yake huwapunguzia wenziwe.

Lakini kitenzi kujipenda katika matumizi ya kila siku ya Pwani kimeponea lawama hiyo kwa kiasi kikubwa. Mwanamke akisemwa kuwa anajipenda, mara nyingi kinachokusudiwa ni kwamba ni nadhifu, nguo zake hazina doa, nyumba yake inanukia, na hatoki nje ovyo ovyo. Ni sifa. Pamoja nacho kuna kujistahi, kujiheshimu na kujitunza, ambavyo hakuna mzee awezaye kuvikataa. Ni kujipenda kwa vitendo, wala hakusubiri mtu wa pili. Aliyevaa asumini kichwani akiwa peke yake nyumbani hajafanya kosa lolote, na harufu yake haipungui kwa kukosa mtazamaji.

Kuna kitenzi kingine kinachofanana nacho kwa sauti na kupingana nacho kwa maana, nacho ni kujipendekeza. Anayejipendekeza hutafuta thamani yake machoni pa mwingine, na hulipa bei yoyote anayotajiwa. Yamkini tofauti baina ya vitenzi hivi viwili inaeleza maradhi ya tarehe 14 Februari kuliko hotuba nyingi. Kijana wa Mishomoroni anayekopa kwa simu ili ampeleke mpenziwe hotelini, huku kodi ya chumba haijalipwa, anajipendekeza. Msichana wa Likoni anayevumilia matusi mwaka mzima ili apigwe picha moja na kisanduku cha zawadi, naye anajipendekeza. Hakuna hata mmoja wao anayestahili kuchekwa. Wote wawili wamefundishwa kwamba asiyeonekana akipendwa hapendwi.

Suala la mikopo linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu limebadilika upesi. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, ilikuwa ni njia ya kutuma fedha ambazo mtu anazo. M-Shwari ikafuata mwaka 2012, kisha Fuliza mwaka 2019, pamoja na programu nyingi za kukopesha, na sasa mtu huweza kutoa zawadi kwa fedha ambazo hajazipata. Zamani mtu aliyetaka kukopa alilazimika kumwendea jamaa au mwenye duka, aeleze shida yake, na aibu ya kueleza ilikuwa breki. Leo hakuna wa kuelezwa. Deni la mapenzi huchukuliwa gizani, kwa vidole viwili, na hulipwa mwezi wa Machi kwa kunyimana chakula. Wahenga waliposema kutoa ni moyo usambe ni utajiri, hawakuwa na maana ya kutoa kisichokuwapo.

Wema wa siku hiyo, kwa hivyo, waweza kuanza kwa mpokeaji. Mwenzi anayejua hali ya mwenziwe na akamwambia mapema kwamba hataki chochote cha kununuliwa, amempa zawadi kubwa: amemwondolea fedheha. Matembezi ya jioni katika ufuo wa Shelly hayatozwi. Kivuko cha Likoni hakimtozi nauli mtu aendaye kwa miguu. Muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu huuzwa kwa bei ambayo haijamvunja mtu. Ni kweli kwamba baadhi watayaona mambo haya kuwa ya kimaskini, na kwamba umaskini haufai kusifiwa. Haukusifiwa hapa. Kinachosemwa ni kwamba mtu asiongezewe umaskini kwa jina la kupendwa.

Tukirudi kwenye suala la kujitunza, Waswahili hawakungoja mwongozo kutoka nje. Somo na kungwi walikuwa na elimu kamili ya mwili: liwa na hina, udi na marashi, mrihani, vilua na asumini, kikuba cha kupachikwa kifuani, namna ya kuoga na namna ya kupumzika. Msichana alifundishwa kwamba mwili wake una thamani na unahitaji muda. Elimu hii ingali hai katika nyumba nyingi za Kisauni na Likoni, hasa nyakati za harusi. Hata hivyo ni lazima isemwe bila kuficha kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo ilimwelekeza mwanamke kumpendeza mume. Ajipambe kwa ajili ya nani? Jibu la kawaida lilikuwa kwa ajili ya yule anayerudi jioni. Mjane aliyeendelea kujipamba alinong'onwa, na asiyeolewa aliyefukiza udi aliulizwa anamfukizia nani. Kinachopendekezwa hapa ni kuichukua elimu ile nzima na kuliacha sharti hilo moja. Udi ufukizwe kwa sababu chumba kinanukia vizuri na aliyemo amechoka.

Na wanaume je? Kungwi wao alikuwapo pia, jandoni, lakini elimu ya kujitunza waliyoipata ilikuwa fupi zaidi, na siku hizi kwa wengi haipo kabisa. Kijana wa kiume wa Mombasa bara hufundishwa kustahimili. Haambiwi kwamba usingizi, chakula kizuri na rafiki wa kuzungumza naye ni haki yake. Maskani ya Mtopanga na Majengo Mapya yamejaa vijana walioachwa na wapenzi wao ambao hawana lugha ya kusema kwamba wameumia, isipokuwa mzaha na ukali. Tarehe 14 Februari huzidisha hali hiyo, kwani mzaha wa siku hiyo humlenga hasa asiye na mtu. Rafiki amwitaye mwenziwe wanywe kahawa na kula kaimati, bila ya kumuuliza habari za mapenzi, ametenda jambo kubwa kuliko anavyodhani.

Ukali huo ndio unaoifanya mada hii isiwe ya mchezo. Mwezi wa Januari mwaka 2024, kufuatia mauaji ya wanawake kadhaa yaliyoishtua nchi, maelfu ya watu waliandamana tarehe 27 katika miji mbalimbali ya Kenya, Mombasa ukiwemo. Tarehe 14 Februari mwaka huo huo, wanawake waliovaa nguo nyeusi walikusanyika Nairobi na kuwasha mishumaa kuwakumbuka waliouawa. Waliichagua siku hiyo kwa makusudi. Hesabu iliyofanywa na Africa Data Hub kutokana na habari za magazetini ilionyesha kwamba wanawake na wasichana wapatao 500 waliuawa nchini kati ya mwaka 2016 na 2023, wengi wao na watu waliokuwa karibu nao. Sheria zipo: ile ya makosa ya ngono ya mwaka 2006, na ile ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za kinyumbani ya mwaka 2015. Nambari ya simu 1195 hupokea taarifa za dhuluma za kijinsia bila malipo. Lakini sheria huja baada ya pigo. Kabla ya pigo kuna neno, na kabla ya neno kuna dhana kwamba aliyetoa zawadi anadai kitu.

Hapa wema unachukua sura ambayo wauza kadi hawawezi kuichapisha. Wema ni kulipokea neno 'hapana' bila kununa, bila kudai gharama zirudishwe, bila kusambaza picha. Wema ni dereva wa bodaboda wa Bombolulu anayemfikisha msichana kwao saa nne za usiku bila ya swali la ziada. Wema ni jirani anayebisha hodi anaposikia kelele, badala ya kuongeza sauti ya redio. Katika mitaa yenye nyumba za vyumba vilivyopangana, ambamo ukuta hauzuii sauti, hakuna awezaye kusema kwamba hakusikia. Likoni ina wadi iitwayo Shika Adabu. Pengine hakuna jina linalofaa zaidi kubandikwa juu ya ukumbi wowote wa siku hiyo.

Wapo watakaosema kwamba huku kujipenda nako kumekwisha kugeuzwa bidhaa. Ni kweli. Maduka yaliyokuwa yakiwauzia wawili sasa yamegundua kwamba na mmoja ananunua: jinunulie marashi, jilipie kukandwa mwili, jipeleke hotelini. Anayejipenda kwa kukopa yuko pale pale alipo anayejipendekeza kwa kukopa, ila amepunguza mtu mmoja. Kipimo kinachoweza kutumika ni chepesi. Kama kitendo cha kujipenda kinamwacha mtu na utulivu kesho yake asubuhi, basi ni chenyewe. Kama kinahitaji kupigwa picha ndipo kikamilike, kuna shaka. Ndiyo maana kulala mapema, kwenda kliniki kupimwa shinikizo la damu lililoahirishwa tangu Novemba, kumpigia mama simu, au kufuta nambari ya mtu anayerudi kila anapokosa pengine pa kwenda, ni mambo ya siku hiyo kama yalivyo mawaridi.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vina nafasi yao. Kwa miaka mingi wanachama wake wameitumia siku hii kwa mashairi ya kumsifu mpenzi, na si vibaya, maana bahari ya ushairi wa mapenzi katika Kiswahili haina kina. Lakini mashindano ya utunzi yangeweza kufungua mlango wa pili: tungo za mtu anayezungumza na nafsi yake bila kujigamba, au tungo za kumwaga mtu kwa staha. Ushairi wa kuagana kwa wema ni haba mno ukilinganishwa na ule wa kubembeleza na ule wa kulaani. Mwanafunzi anayejua kutunga beti kumi za kumwomba msichana amkubali, na hajui kutunga ubeti mmoja wa kuupokea ukatao wake, amefundishwa nusu. Wahadhiri nao wangefanya hisani kama wangewapa wanafunzi wa sarufi zoezi la kukusanya vitenzi vyote vyenye ji- wanavyovisikia nyumbani kwao, Jomvu, Kongowea au Timbwani, na kuvigawa kati ya vile vya lawama na vile vya sifa. Huenda orodha ya sifa ikawa ndefu kuliko inavyokisiwa.

Ama kuhusu waumini wanaoisusa siku hii, kalenda yenyewe inawaandalia jambo. Mwezi wa Ramadhani mwaka 2027 unatarajiwa kuanza takriban tarehe 8 Februari, kutegemea kuandama kwa mwezi, kwa hivyo tarehe 14 itawakuta Waislamu wa Mombasa bara katika juma la kwanza la saumu. Mawaridi ya kivukoni yatakosa wateja wengi mchana. Jioni, magharibi ikikaribia, watoto wa Kisauni na Likoni wataonekana wakipita vichochoroni na sahani zilizofunikwa kwa kawa, wakipeleka futari kwa jirani anayeishi peke yake.